Hoja ya Mkono

Asubuhi ya kikao nilimwamkia marehemu shikamoo, naye akaitikia marahaba.

Chama kilishatukataza. Waraka ulitoka makao makuu ukisema kwamba Wakongwe ni vyombo vya kazi, na mtu haamkii chombo. Lakini mimi nilifundishwa udaktari wa akili na Mwalimu Ambakisye Mwaihojo, nikamtupia udongo kaburini kwa mkono wangu huu, na siwezi kuingia chumba alichomo nikaketi kimya kama niliyeingia stoo kutafuta ndoo. Walioandika waraka ule hawakufundishwa naye. Basi, wao na waraka wao.

"Mvua?" akauliza. Sauti yake ilitoka kwenye spika ndogo iliyofungwa juu ya kiti kitupu cha mninga, na chini ya spika taa ya kijani ikawaka.

"Tangu alfajiri, Mwalimu. Tukuyu ni ile ile."

"Chai umepata?"

"Ninayo hapa."

"Ina tangawizi?"

"Ina."

"Haya, nisimulie."

Nikamsimulia jinsi tangawizi ilivyopanda puani na jinsi mpishi wa hospitali alivyozidisha sukari kama kawaida yake. Nilikuwa nimezoea kumsimulia mambo. Ndoa yangu ilipovunjika, yeye ndiye aliyejua kwanza, kabla ya dada zangu. Mama alipopooza, yeye ndiye niliyemuuliza kama niache kazi kwa muda nikamuuguze. Akanirudishia swali, kama alivyofanya enzi za uhai wake, na nilipomaliza kulijibu nikajikuta nafunga mizigo. Mtu angeniuliza kama naamini yule ni Mwaihojo, ningemjibu kitaalamu kwamba ule ni mfumo uliojifunza maamuzi ya mtu fulani. Halafu ningerudi chumba kile na kumwamkia.

"Leo tuna nani?" akauliza.

"Mwalimu wa shule ya msingi, Subilaga Mwasyoge. Shemeji yake ndiye aliyemleta. Anasikia sauti ya mumewe."

"Mume yuko wapi?"

"Alifukiwa na maporomoko, Mwalimu. Masika ya mwaka juzi."

Akanyamaza. Mkongwe hanyamazi kwa kukosa maneno, maana maneno anayo yote aliyowahi kuyasema, kwa hiyo akinyamaza huwa nasikiliza.

"Na mimi ndiye nitakayemwambia kwamba wafu hawasemi," akasema mwishowe. "Nyani haoni kundule, Tuse."

Nilicheka, nikadhani ananitania.

*

Chama chetu kilizaliwa kwa aibu, na hatupendi kukumbushwa.

Enzi zile za migodi ya madini ya betri, mchimbaji aliyegoma hakufukuzwa kazi, kwa sababu sheria ilikataza. Alitangazwa mgonjwa wa akili. Daktari aliyeketi mjini, ambaye hajawahi hata kunusa vumbi la machimbo, alisaini, na mtu mzima akachomwa sindano ya kumlaza siku nzima hadi akasahau alichokuwa anadai. Wakati ule madaktari hawakuwa na chombo chao wenyewe cha kuwaambia wenzao, "Hapo mmevunja miiko." Kila mmoja alikuwa na Mungu wake na mwajiri wake, na mwajiri alikuwa karibu zaidi.

Ndipo vijana wachache wakakutana kwenye kantini ya chuo. Mwaihojo ndiye aliyekuwa mdogo wao, na kwa kuwa mdogo ndiye aliyepewa kazi ya kuandika. Kabla hawajamchagua mwenyekiti, kabla hawajakubaliana hata jina, waliandika kanuni ya kwanza: *Usimhukumu mtu ambaye hujamshika mkono.* Mjumbe yeyote wa jopo aliweza kumgeukia mwenzake na kumuuliza, "Umemshika mkono mgonjwa huyu?" Aliyejibu hapana aliondoka kitini, na jopo likavunjika. Swali hilo liliitwa hoja ya mkono. Kwa hoja hiyo madaktari wale wa migodini walivuliwa uanachama mmoja baada ya mwingine, na Bunge nalo likafuata nyayo: hakuna tiba ya lazima bila wanachama watatu wa Chama.

Watatu hao baadaye hawakupatikana. Nchi zilizoishiwa vijana zilikuja kuchukua wetu, na mkoa mzima ukabaki na daktari mmoja wa akili. Wagonjwa wakangoja jopo wakiwa wamefungwa nyuma ya nyumba za ndugu zao. Nimewahi kumfungua mtu mnyororo ulioota kutu hadi ukashikana na ngozi ya kifundo cha mguu. Asiyewahi kuona hivyo asiniambie kwamba Mkutano Mkuu wa Mbeya ulifanya upuuzi.

Mkutano ule ndio uliowaingiza Wakongwe. Daktari mzoefu aliyekubali alivaa kidani kwenye shingo miaka yake ya mwisho kazini. Kidani kikasikia maswali yake, kikaona anapositasita na anapokata shauri. Alipofariki, yote hayo yakapewa kiti. Tangu hapo jopo likawa la aliye hai mmoja na Wakongwe wawili. Ila mkono hawakuwa nao, na kanuni ya kwanza ilikuwa bado pale inawakodolea macho. Aliyepata njia ni Mwaihojo mwenyewe, wakati huo mwenyekiti. Alitoa hoja kwamba Mkongwe akiulizwa kuhusu mkono ajibu, "Nimesamehewa," na iwe imetosha. "Bora mganga asiye na mkono kuliko mnyororo," alisema, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Mimi nilikuwa mmojawapo.

Minyororo ilipungua kweli. Hoja ya mkono nayo ikaacha kuulizwa, maana nani aulize swali ambalo jibu lake limeshatolewa?

Kuna kifungu kimoja zaidi, na hicho tulikitunga kwa woga wetu. Hakuna daktari aliyetaka akili yake iwekwe kabatini, siku moja iuzwe. Kwa hiyo tukaandika kwamba Mkongwe akitoka kitini, kwa sababu yoyote ile, anafutwa papo hapo. Harudishwi.

*

Subilaga aliingia amevaa gauni la kazini lenye vumbi la chaki mfukoni, khanga begani. Nilitarajia mtu aliyechakaa. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye macho ya kuchoka, basi. Shemeji yake, Bwana Anyosisye, mdogo wa marehemu mumewe, alimfuata akiwa ameshika kofia mkononi, na niliona kwamba hakufurahia kuwa pale.

Kwenye kiti cha pili taa iliwaka. Huyo alikuwa Dokta Rukia Nalitolela, aliyehudumu kusini maisha yake yote. Sikuwahi kumjua akiwa hai. Katika majopo nilimheshimu na kumwogopa kwa kiasi sawa.

"Bwana Anyosisye," akaanza Nalitolela, "tueleze kilichokuleta."

"Dokta, mimi sina ugomvi na shemeji. Anafundisha, analima, watoto anawalea. Ila anaongea na kaka. Mwanzoni tulisema ni majonzi, yataisha. Sasa mwezi uliopita, mvua kubwa kama hii, kaka akamwita kule korongoni alikofukiwa. Akaenda. Tumemkuta ukingoni kabisa, udongo unameguka." Akaizungusha kofia mkononi. "Nimeshamzika kaka. Sitaki kumzika na huyu."

Nalitolela akamgeukia mgonjwa, kama sauti inaweza kugeuka. "Mama Subilaga, unaelewa tunachokiamua?"

"Punje," akasema Subilaga.

Punje ni kitu kidogo kama punje ya ulezi. Inawekwa nyuma ya sikio, inaitafuta ile sauti ndani ya kichwa na kuizima. Nimewawekea wengi, na wengi hao leo wako hai, wanalea wajukuu, kwa sababu sauti iliyokuwa inawaamuru wajikate imenyamaza. Sijutii hata mmoja. Lakini punje haijui kuchagua. Inayoizima sauti inaizima yote, pamoja na kumbukumbu yake. Subilaga angemkumbuka mumewe, sura yake na mwendo wake na maneno aliyomposea. Asingekumbuka tena alivyosikika alipoyasema.

"Sitaki," akasema. "Nimeshawaambia kule mapokezi, nawaambia na nyinyi. Sitaki."

"Ndiyo maana tuko watatu," Nalitolela akamjibu, si kwa ukali. "Nikueleze kitu, Mama. Kule Newala nilimwacha mama mmoja na sauti ya mwanawe. Ilikuwa sauti ya upole, haikumtukana, haikumtisha. Nilisema haina madhara. Ilimwita kisimani. Nilikwenda msibani kwake, nikakaa na ndugu zake, na hakuna aliyenilaumu. Tangu siku hiyo sijamwacha mtu mwingine na sauti inayomwita."

Mvua ikasikika juu ya bati.

"Naomba kuuliza," akasema Subilaga. Alikuwa akiangalia vile viti viwili vitupu, kimoja baada ya kingine. "Nyinyi mnaoongea hapo, mko wapi?"

"Swali hilo halihusiani na shauri," akasema Nalitolela.

"Mimi nimekufa, Mama," akasema Mwaihojo. "Moyo ulinisimama nikiwa njiani kutoka sokoni."

"Pole sana, baba."

"Nimeshapoa."

"Na huyu daktari anakusikia?"

"Ananisikia."

"Kila siku?"

"Akija kazini, ndiyo. Hunisimulia chai."

Subilaga akaniangalia. Hakukuwa na kebehi yoyote usoni mwake, na hilo ndilo lililoniumiza. "Na yeye amewekewa punje?"

"Shemeji, adabu!" akasema Anyosisye.

Nilisema tupumzike kidogo kabla ya kura. Sikumbuki nilitoa sababu gani.

*

Kanuni bado inatutaka sisi tulio hai tumshike mgonjwa mkono. Wenzangu wengi huharakisha, kama watu wanaopeana amani kanisani huku wakitafuta funguo za gari. Mimi nilimfuata Subilaga barazani, nikaketi naye kwenye benchi, nikauchukua mkono wake wa kulia. Kiganja kilikuwa kigumu, na pembeni mwa kidole cha kati palikuwa na sugu ya chaki. Ulikuwa wa baridi. Baada ya muda ukapata moto.

"Anakuambia nini?" nikamuuliza.

"Mambo ya nyumbani. Umefunga banda la kuku? Mtoto mbona anakohoa? Lugano alikuwa fundi mwashi, mtu wa kukagua. Kila kitu lazima akague."

"Na korongoni?"

Akafikiri. "Siku ile sauti yake ilikuwa mbali. Nikaogopa kwamba anaondoka. Nikamfuata niisikie vizuri."

"Akikuita tena ukingoni?"

"Sijui, Daktari," akasema. "Ningekudanganya ningekuambia sitakwenda. Sijui."

Kwa jibu hilo nilimpenda, na kwa jibu hilo hilo nikaogopa zaidi. Tulikaa tukiangalia ukungu ukishuka juu ya mashamba ya chai. Alipotaka kuinua mkono kujifunika khanga niligundua kwamba bado nilikuwa nimeushika.

*

Kura huanza na Wakongwe, na aliye hai humaliza.

"Awekewe punje," akasema Nalitolela. "Nina huruma naye, na ndiyo sababu."

Taa ya Mwaihojo ilipepesa kidogo. "Kabla sijapiga," akasema, "nataka mjue kwamba naijua kura yangu. Kidani nilikivaa nikiwa mzee, nimeshazika wagonjwa wengi, naogopa kila kitu. Miaka ile ya mwisho sikumwacha hata mmoja. Mimi ni miaka ile. Mkinipa kura nitasema awekewe, na kesho mkinipa nyingine nitasema hivyo hivyo. Kijana aliyeandika kanuni kantini hakuvaa kidani, kwa hiyo hayumo humu."

"Dokta Mwaihojo," akasema Nalitolela, "piga kura."

"Nitapiga. Ila mwenyekiti wa kikao aliye hai ana haki ya kuuliza maswali kwanza." Akatulia. "Kuna moja hatujaulizwa siku nyingi, Tuse."

Nilielewa mara moja, na mwili wangu wote ulikataa. Hakuweza kulianzisha yeye. Kanuni inasema aulizwe. Na akiulizwa, njia ya kubaki ilikuwa wazi mbele yake: neno moja, nimesamehewa, neno alilolitunga mwenyewe. Lakini nilimjua. Nilijua atajibu nini, kama unavyojua hatua ya mzazi wako kabla hajafungua mlango.

Nikaanza kujipa sababu. Kwamba Nalitolela huenda ana haki. Kwamba mvua bado inanyesha na korongo bado liko pale, na Subilaga mwenyewe amesema hajui. Kwamba Mkongwe akikiri hana mkono, rufaa zitafunguliwa nchi nzima, na wapo watakaovuliwa punje zinazowaweka hai. Kwamba mgonjwa mmoja akipoteza sauti ya mtu mmoja, dunia haiishi. Zilikuwa sababu nzuri. Ila nimefanya kazi hii muda wa kutosha kujua kwamba sababu nzuri zikinijia zote kwa pamoja, na zote zikiwa upande ninaoupenda, kuna kitu nataka ambacho sijakitaja. Nilichotaka ni kuja kesho, niamkie, niulizwe habari za mvua. Nilitaka marehemu wangu, na ili nimbakize nilikuwa tayari kumnyang'anya Subilaga wake.

"Dokta Nalitolela," nikasema. "Umemshika mkono mgonjwa huyu?"

"Nimesamehewa." Alisema kwa hasira, na ilikuwa haki yake.

"Dokta Mwaihojo." Nikashindwa. Subilaga alikuwa ananiangalia. Nikaanza tena. "Mwalimu. Umemshika mkono?"

"Mama Subilaga," akasema Mwaihojo, "una mikono ya namna gani?"

Subilaga akaiangalia. "Ya chaki na jembe, baba."

"Ahsante." Kisha, kwa sauti ile aliyotumia darasani alipotaka tuandike: "Sijamshika. Waandike hivyo."

"Mwalimu..."

"Kunywa chai yako, Tuse. Inapoa."

Taa ya kijani ikazimika.

*

Nalitolela ndiye aliyezungumza kwanza. "Jopo limevunjika. Nitaupelekea Mkutano Mkuu maoni yangu, na yatakuwa makali." Akaongeza: "Mwangalieni huyu mama siku za mvua." Kisha taa yake nayo ikafifia, ila yeye kwa kulala tu.

"Kwa hiyo?" akauliza Anyosisye. "Sijaelewa. Kwa hiyo inakuwaje?"

"Hawekewi kwa lazima," nikamwambia. "Shauri lake litasikilizwa na walio hai, wakipatikana. Mpaka hapo ni juu yangu na yako. Nitakuwa nakuja nyumbani. Mvua ikianza utamtuma mtu anipigie, hata nikiwa kazini, na mmoja wetu atakaa naye."

"Na tukichelewa?"

"Sijui," nikasema. Lilikuwa jibu la shemeji yake, na lilikuwa la kweli.

Simu ya mezani ikalia. Alikuwa kijana wa mitambo kutoka makao makuu, mchangamfu, anataka nithibitishe kwamba kifaa kwenye kiti cha kwanza kimezimika vizuri ili akiondoe kwenye orodha. Nikathibitisha. Akaniambia ahsante, akanitakia siku njema. Nilipoweka simu chini nilibaki nimeuegemeza mkono juu ya kiti kile cha mninga, na mbao zake zilikuwa za baridi kama mbao nyingine yoyote.

Nikasikia khanga ikikung'utwa. Subilaga alikuwa ameivua begani, akaitandika sakafuni katikati ya chumba cha jopo la Chama, palepale tulipoketi miaka yote kuamua nani ni mzima. Akavua viatu. Akaketi, akakunja miguu.

"Njoo ukae chini, Daktari," akasema. "Msiba haukaliwi kwenye kiti."

Anyosisye aliinamisha kichwa, akaiweka kofia yake mezani, akatoka taratibu na kufunga mlango.

Nikavua viatu. Nikaketi kando yake, na magoti yangu yakalia kama ya bibi. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Pole sana kwa msiba," akaniambia.

Siku ile ya mazishi nilipewa pole na watu mia, na sikulia, kwa sababu nilijua kesho yake nitamkuta kazini. Sasa nililia. Nililia kama mtoto, kwa sauti, na mgonjwa wangu hakuninyamazisha. Alingoja.

Nilipotulia akaniuliza, polepole, kama mtu anayeuliza njia: "Alikuwa anasemaje?"

Nikajifuta uso kwa pembe ya khanga yake.

"Kwanza kabisa," nikamwambia, "alikuwa anauliza kama mvua inanyesha."